Barua za Wakweka wa Pemba kama Chanzo cha Historia ya Watu wa Rufiji

Makala haya yanaeleza namna barua na hati binafsi za Wakweka, yaani wafuasi wa Jumuiya ya Kidini ya Marafiki, waliofanya kazi Pemba kuanzia mwaka 1897, zinavyoweza kumfaa mtafiti wa historia ya Bungu, Kibiti na delta ya Rufiji. Mtahini ana haki ya kushangaa, kwa kuwa misheni yao ilikuwa kisiwani, si Rufiji. Kinachounganisha pande hizi mbili ni njia ya watumwa.

Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja lakini kiliinusuru Pemba, na mahitaji ya wafanyakazi yakahamia huko. Mkataba wa Juni 1873 ulipopiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari, wafanyabiashara wa Kilwa walipitisha misafara nchi kavu. Misafara hiyo ilivuka mto Rufiji na kuelekea kaskazini hadi Pangani na bandari za jirani, ambako watu walivushwa kwa siri. Frederic Elton, ofisa wa ubalozi mdogo wa Uingereza aliyepita njia hiyo mwishoni mwa mwaka 1873, alihesabu zaidi ya watumwa 4,000 katika muda wa mwezi mmoja hivi. Sultani Barghash alipiga marufuku misafara hiyo mwaka 1876.

Tangazo la tarehe 6 Aprili 1897 liliondoa utambuzi wa kisheria wa utumwa Unguja na Pemba. Hata hivyo, mtumwa alilazimika kwenda mwenyewe mahakamani kudai uhuru, bwana alilipwa fidia, na masuria waliachwa nje hadi mwaka 1909. Katika mazingira hayo Wakweka wa Uingereza, miongoni mwao Theodore Burtt na Henry Stanley Newman, walianzisha shamba la karafuu la Banani ili walioachwa huru wafanye kazi kwa ujira. Newman alichapisha kitabu kuhusu jambo hilo mwaka 1898.

Hapa ndipo umakini unapohitajika. Kumbukumbu za Wakweka wa Uingereza zimehifadhiwa hasa katika Maktaba ya Jumuiya ya Marafiki jijini London, na zile za Chama cha Uingereza cha Kupinga Utumwa, ambacho Mkweka Joseph Sturge alikuwa mmoja wa waasisi wake mwaka 1839, zipo Oxford. Habari moja huweza kuonekana mara tatu: katika barua kwa ndugu, katika taarifa kwa kamati, na katika maandishi yaliyochapishwa kwa wafadhili. Kila hatua huwa na msomaji wake, na kila msomaji hubadili kinachosemwa. Kwa maoni yangu barua kwa ndugu ndiyo yenye thamani kubwa zaidi, kwa sababu mwandishi wake hakuwa akiomba fedha. Humo uchovu, ugomvi wa ujira na watu wa kawaida hupata nafasi. Kwa hiyo mtafiti asizitenganishe barua na mkusanyo wa familia zilimotoka, maana mpangilio wenyewe hueleza nani alimwandikia nani na kwa nini.

Tatizo gumu zaidi ni majina. Mtu aliyetekwa bara alipewa jina jipya pwani, kama Mabruki, Faraji au Baraka, na kabila lake likaandikwa kwa jumla: Mnyasa, Myao, Mngindo. “Mnyasa” huweza kuwa mtu yeyote aliyepitia Kilwa. Anayetafuta ukoo uliopoteza ndugu kwenye misafara hawezi kuanza na jina. Aanze na mahali, kijiji au mto unaotajwa, kisha alinganishe na kumbukumbu za uachiaji huru zilizo katika Nyaraka za Taifa Zanzibar na masimulizi ya wazee wa Rufiji. Masimulizi hayo yakusanywe kabla ya kuzisoma barua, ili maswali ya mhojaji yasije yakapandikiza majibu ya wamishenari katika vinywa vya wazee.