Saa ya Jioni Ina Bei

Je, umepata kujiuliza kwa nini michezo inayopendwa sana katika televisheni haionyeshwi saa nne asubuhi, ila usiku?

Wamarekani wana neno lao, praimu taimu, maana yake wakati ulio bora kuliko wote. Kwao ni saa tatu za usiku. Katika majimbo ya mashariki ni toka saa mbili hata saa tano. Katika majimbo ya kati, toka saa moja hata saa nne. Ubora wake watoka wapi? Saa hizo watu wametoka kazini, chakula kimekwisha liwa, na nyumba nzima imekaa pamoja.

Sasa angalia biashara yake. Mwenye kuuza sabuni au motokaa hukilipa kituo ili tangazo lake litiwe katikati ya mchezo. Penye watazamaji wengi bei hupanda. Usiku wa manane hushuka. Basi wewe utazamaye bure, usidhani u mnunuzi. Kinachouzwa pale ni macho yako na ya watoto wako.

Je, hakuna aliyejaribu kuwalinda watoto? Yupo. Mwaka 1975 makampuni makubwa matatu ya Marekani, yakihimizwa na mkuu wa tume ya serikali ya utangazaji, yalikubali kuitenga saa ya kwanza ya wakati huo iwe saa ya jamaa, bila ukatili wala mambo ya aibu. Waandishi wa michezo wakashtaki, na mwaka 1976 hakimu mmoja wa Los Angeles akaamua kuwa serikali haikuwa na haki ya kuwashurutisha watangazaji. Mpango ule ukafifia.

Hapo twapata fundisho: mlinzi wa kwanza wa jioni ni mwenye nyumba. Kwetu Tanzania saa mbili usiku ni saa ya taarifa ya habari, na wengi huendelea kutazama mpaka usingizi. Ndiyo saa ileile ambayo baba angeuliza habari za shule, na bibi angetoa hadithi. Mfanyabiashara aijua thamani yake mpaka senti ya mwisho. Je, wewe waijua?

Sisemi chombo kizimwe kila siku. Habari yafaa kuzijua. Walakini chagueni mapema mchezo mmoja, mtazame pamoja na watoto, kisha zimeni, mzungumze. Jioni ni mali yenu. Msiitoe yote bure.