Miguu ya nyuma ya mbwa mzee inapolegea ghafla

MBWA aliyebweka langoni usiku kucha hukutwa asubuhi ameinua kifua kwa miguu ya mbele, huku kiuno kikiwa kimebaki chini. Hujaribu kuinuka, huanguka, hujaribu tena. Wenye nyumba humzunguka na kumtazama, kisha hutoka kauli ambayo katika miji mingi ya Afrika Mashariki hufunga kesi kabla haijasikilizwa: mbwa amezeeka.

Kauli hiyo ina ukweli kidogo na hatari kubwa. Ni kweli kwamba mbwa wa maumbo makubwa, kama wale wenye asili ya Ujerumani wanaotumika sana kwa ulinzi, huhesabiwa kuwa wazee wafikapo miaka saba au minane, na wale wadogo wafikapo miaka 10 au 11. Lakini uzee hauingii kwa usiku mmoja. Humpunguzia mnyama nguvu kidogo kidogo, kwa miezi na miaka. Udhaifu unaotokea kati ya magharibi na alfajiri una chanzo chake. Vyanzo vingine hupona vyenyewe, vingine hupona kwa tiba ya mapema, na vingine havina tiba kabisa. Kuvitofautisha ndiyo kazi ya siku ya kwanza.

Kabla ya kumgusa mgonjwa, lipo swali ambalo katika ukanda huu halipaswi kurukwa: je, mbwa huyo amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na alichanjwa lini? Wengi hudhani kichaa hutambulika kwa ukali na kuuma ovyo. Ipo sura nyingine ya ugonjwa huo, ile ya kupooza, ambapo mbwa huwa mpole, miguu hulegea, taya huning'inia na mate hutiririka. Mwenye mbwa hudhani amekwamwa na mfupa kooni, akaingiza mkono mdomoni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa.

Kwa sababu hiyo, mbwa ambaye hajachanjwa, au ambaye cheti chake hakijulikani kilipo, atengwe mahali asipoweza kumfikia mtu wala mnyama mwingine, na daktari wa mifugo aitwe aje nyumbani. Aliyeumwa, au aliyeguswa na mate ya mbwa huyo penye kidonda, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Mbwa akifa katika hali hiyo asizikwe kabla daktari hajaarifiwa, kwa kuwa uhakika wa ugonjwa hupatikana maabara kwa kupima ubongo.

Hofu hiyo ikishaondolewa, hufuata uchunguzi, na shahidi bora mara nyingi si mwenye nyumba. Katika nyumba nyingi za mijini, anayemlisha mbwa na kumfungulia usiku ni mlinzi au mfanyakazi wa nyumbani. Huyo ndiye ajuaye kama mbwa alipiga yowe alipokuwa akiruka, kama aligongwa na gari, kama alikula kitu jalalani, au kama amekuwa akiburuta kucha tangu mwezi uliopita. Ni vyema mtu huyo afuatane na mbwa hadi kliniki, badala ya kubaki nyumbani wakati mwenye gari akieleza mambo ambayo hakuyaona.

Ufizi ndio mahali pa kwanza pa kutazama. Ukiwa mweupe, na tumbo likionekana kuvimba, huenda mbwa anavuja damu ndani ya mwili. Uvimbe wa bandama, ukiwamo ule wa saratani ya mishipa ya damu, huwapata hasa mbwa wazee wa maumbo makubwa, na unapopasuka mnyama huanguka kana kwamba miguu imekufa, ilhali kilichopungua ni damu. Vivyo hivyo, nyayo za nyuma zikiwa baridi kuliko za mbele na mbwa akilia kwa maumivu, yawezekana damu imeganda katika mshipa mkuu unaopeleka damu miguuni. Wagonjwa wa aina hizi mbili hawasubiri jioni.

Ipo pia hali ambayo huwatisha watu bure. Mbwa huinamisha kichwa upande mmoja, macho yakachezacheza, akatembea kama mlevi na kuangukia upande ule ule. Wengi huita kiharusi na kumkatia tamaa. Mara nyingi kilichoharibika ni kiungo cha ndani ya sikio kinachotunza mizani ya mwili, na mbwa wengi wazee wenye tatizo hilo hurudia hali yao ndani ya siku kadhaa au wiki mbili tatu, hata kama kichwa kitabaki kimeinama kidogo. Anachohitaji ni kusaidiwa kula na kunywa, na kuzuiwa asianguke ngazini.

Lakini mbwa ambaye kichwa kiko sawa, ufizi uko sawa, na bado miguu ya nyuma haimtii, shaka ya kwanza huangukia mgongo. Ndani ya uti wa mgongo hupita ugwe mgongo, yaani ile kamba ya neva inayopeleka amri za ubongo miguuni. Kati ya pingili na pingili kuna diski, ambazo ni vipande vya gegedu vinavyozuia mifupa isisagane. Mtaalamu wa Sweden, Hans-Jörgen Hansen, alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuwa diski za mbwa huharibika kwa namna mbili. Katika namna ya kwanza, kiini cha diski hukauka na kugeuka kama chokaa, kisha hufyatuka ghafla na kuubana ugwe. Hii huwapata zaidi mbwa wenye miguu mifupi na mwili mrefu. Katika ya pili, diski huvimba taratibu kwa miaka, na ndiyo huonekana zaidi kwa mbwa wakubwa waliozeeka.

Diski iliyofyatuka huuma. Mbwa hukunja mgongo, hutetemeka, hukataa kuguswa. Hilo husaidia kuitofautisha na tukio jingine linalofanana nalo sana, ambapo kipande kidogo cha gegedu hupenya katika mshipa wa damu wa ugwe mgongo na kuuziba. Mbwa anayekimbia hutoa mlio mmoja, akaanguka, na baada ya muda mfupi haonyeshi maumivu tena, ingawa mguu mmoja au yote miwili imelegea. Hali hii haizidi kuwa mbaya baada ya siku ya kwanza, haihitaji upasuaji, na wengi huanza kupata nafuu ndani ya wiki mbili za mwanzo. Mbwa wa namna hiyo akiuawa siku ya pili kwa sababu ya kuhurumiwa, ameuawa wakati ambapo huenda angeanza kupona.

Kipimo kinachomwambia daktari kama matumaini yapo ni rahisi na ni kikatili kidogo kukitazama. Hubana kidole cha mguu wa nyuma kwa nguvu. Mguu ukijivuta, familia hushangilia, lakini kujivuta ni mwitikio wa neva tu usiohitaji ubongo. Kinachotafutwa ni mbwa kugeuza kichwa, kulia au kutaka kuuma, maana hapo ndipo hujulikana kuwa maumivu yamefika kichwani. Aliyefyatuka diski na bado ana hisia hiyo ana nafasi kubwa ya kutembea tena, hasa akifanyiwa upasuaji. Aliyeipoteza, nafasi yake hushuka hadi karibu nusu hata akipasuliwa, na kila siku inayopita huipunguza. Ndiyo sababu ya kutosubiri Jumatatu.

Picha ya eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi ugwe wenyewe. Kipimo cha MRI ndicho huuonyesha, na mashine hizo kwa ajili ya wanyama ni adimu katika ukanda huu, hivyo madaktari wengi hutegemea mikono yao na uzoefu. Hospitali za kufundishia za vyuo, kama vile Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro na Chuo Kikuu cha Nairobi katika eneo la Kabete, ni mahali ambapo kesi ngumu huweza kupelekwa.

Wapo mbwa ambao udhaifu wao si wa ghafla, ila umegunduliwa ghafla. Mwenye nyumba alikuwa safarini, au hakuwa akitazama. Kucha za vidole vya kati zilizolika upande wa juu, na mistari mchangani inayoachwa na nyayo zinazoburutwa, huonyesha kuwa jambo lilianza zamani. Ugonjwa mmoja wa aina hiyo huuharibu ugwe mgongo polepole bila maumivu, kwa kawaida kuanzia umri wa miaka minane. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitangaza kuuhusisha na hitilafu katika jeni ya SOD1, ambayo kwa binadamu pia huhusishwa na ugonjwa wa kudhoofika kwa neva za misuli. Hauna tiba, na mazoezi ya kila siku ndiyo yanayosaidia kuchelewesha mwisho wake. Baridi yabisi ya nyonga, au kano za magoti zilizokatika, nazo humfanya mbwa ashindwe kuinuka, lakini huyo akishainuliwa huweza kusimama, jambo ambalo aliyepooza hawezi.

Homa za kupe nazo zisisahauliwe, maana ni za kawaida mno katika miji yetu yenye joto. Kupe wa kahawia wa mbwa huzaliana hata ndani ya nyumba, katika nyufa za kuta na za banda, na huambukiza magonjwa yanayoharibu chembe za damu na kuvimbisha viungo. Mbwa huwa na homa, hakuli, na husitasita kusimama. Tone la damu chini ya hadubini huweza kutoa jibu, na tiba yake ni nafuu kuliko zote zilizotajwa hapa.

Kosa linalofanyika mara nyingi hufanyika kabla ya daktari kufika, nalo ni kidonge kutoka kabati la dawa la nyumbani. Ibuprofeni na diklofenaki huweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Parasetamoli huweza kuharibu ini, na kwa paka kidonge kimoja chatosha kuua. Kuna hatari ya pili isiyojulikana sana: iwapo daktari, bila kuambiwa, atamchoma mbwa huyo sindano ya steroidi, dawa hizo mbili zikikutana huongeza sana uwezekano wa tumbo kuvuja damu. Aliyekwisha kutoa kidonge aseme ni kipi, kingapi na saa ngapi. Daktari hatamgombeza kuliko ambavyo mbwa ataumia.

Kumsafirisha nako kuna namna yake. Mwenye shaka ya mgongo habebwi mikononi kama mtoto, bali hulazwa juu ya ubao, au hata meza ndogo iliyopinduliwa, akafungwa kwa shuka asijigeuze. Hata mbwa mpole kuliko wote huuma akishikwa panapouma, kwa hiyo mdomo ufungwe kwa kitambaa laini, isipokuwa akiwa anatapika au anahema kwa shida.

Baada ya kliniki huanza kazi ndefu, ambayo wengi hawaambiwi ukubwa wake. Mbwa asiyeweza kujigeuza hulazwa juu ya godoro la sponji lililofunikwa kitu kisichopenya maji, na hugeuzwa kila baada ya saa nne hadi sita, la sivyo vidonda huchimbika nyongani. Katika hali ya hewa ya huku, mkojo na vidonda huvuta nzi, na funza huweza kuonekana ndani ya siku moja. Usafi hapa ni tiba kamili.

Mkojo ndio huwapumbaza wengi. Mbwa aliyepooza huonekana akilowana mara kwa mara, na watu huridhika kuwa anakojoa. Kumbe kibofu kimejaa hadi kinamwagika, na mkojo uliotuama ndani huzaa maambukizi. Kibofu hicho hukamuliwa kwa mikono mara tatu au nne kwa siku, kwa namna ambayo daktari hana budi kuionyesha ana kwa ana.

Kwa mbwa ambaye daktari amemruhusu kusimama, kanga moja yatosha. Hukunjwa kwa urefu, ikapitishwa chini ya tumbo karibu na mapaja, na ncha zake mbili hushikwa na mtu anayetembea naye. Sakafu ya vigae itandikwe mikeka au mazulia ya zamani, kwa sababu mbwa anayeteleza mara mbili huacha kujaribu. Aliye na diski iliyofyatuka na anayetibiwa bila upasuaji hufungiwa mahali padogo kwa wiki nne au zaidi, hata kama anaonekana amepona siku ya kumi.

Gharama zipo, na si kila familia itaimudu miezi ya kumgeuza mnyama usiku. Kulisema hilo waziwazi kwa daktari si ukatili. Mbwa aliyepoteza hisia za miguu kwa wiki kadhaa, asiyekula, mwenye vidonda visivyofunga, anaweza kupumzishwa kwa sindano ya dawa ya usingizi inayozidi kipimo, akalala ndani ya dakika chache. Fimbo na sumu, ambazo bado hutumika vichochoroni, ni mateso, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 pamoja na sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, zinakataza kumtesa mnyama.

Anayechagua sindano amwite daktari nyumbani, mahali ambapo mbwa amezoea, na ajue mapema shimo litachimbwa wapi. Dawa hiyo hubaki katika mzoga kwa muda mrefu. Mbwa wengine, kunguru au mwewe wakiufukua na kuula, nao hufa, kwa hiyo shimo liwe refu na mzoga usitupwe jalalani.