Lebo ya mafuta ya alizeti: Kwa nini rangi ya kwenye simu inapotea ikichapwa

Anayekamua alizeti Singida anaweza kuwa na mafuta mazuri kuliko ya jirani yake, lakini mteja anayepita dukani anaona lebo kwanza. Sasa hapo ndipo wengi wanaumia. Kwenye simu majani yanang'aa kijani mbichi na bluu ya jina la kampuni imekolea. Lebo 1,000 zikirudi kutoka kwa mchapaji, rangi zimepoa. Lawama zote anabebeshwa mchapaji, na mara nyingi wala si kosa lake.

Iko hivi. Skrini inatoa mwanga. Inachanganya mwekundu, kijani na bluu, mfumo unaoitwa RGB. Karatasi haina taa ndani yake. Mashine inaweka wino wa aina nne: sayani (bluu ya anga), majenta (pinki iliyokolea), njano na nyeusi, ndiyo CMYK. Wino hauwezi kung'aa kama taa, hivyo kuna rangi za kwenye skrini ambazo kwa wino hizo nne hazipatikani kabisa. Njano ya alizeti ina bahati, maana wino wake upo tayari. Zinazoteseka zaidi ni kijani kinachowaka na bluu kali.

Kwa hiyo anayekutengenezea lebo kwenye InDesign au CorelDRAW afungue kazi kwa CMYK tangu mwanzo, asisubiri kubadili mwishoni. Njano ya petali jaribu njano 100 na majenta kama 20. Bluu ukiweka sayani na majenta zote karibu na 100 itatoka zambarau, punguza majenta ifike 60 hivi. Kama anatumia Canva, faili la CMYK linapatikana kwenye toleo la kulipia. Na tafadhali, kazi isitumwe WhatsApp kama picha, itumwe kama dokumenti.

Maandishi madogo nayo yana shida yake. Tarehe ya mwisho wa matumizi, ujazo, anuani: hayo yawe nyeusi 100 peke yake. Nyeusi iliyotengenezwa kwa wino zote nne inategemea rangi nne kukaa sehemu moja, na zikipishana hata kidogo tu, herufi zinakuwa na kivuli. Mteja akishindwa kusoma tarehe, anarudisha chupa kwenye shelfu.

Lakini kosa ambalo naona linagharimu zaidi ni la stika za plastiki inayoonyesha ndani. Zinapendwa kwa sababu mafuta yanaonekana, na mafuta ya alizeti yana rangi nzuri kweli. Tatizo ni kwamba wino wa kawaida unapitisha mwanga. Ukibandika stika hiyo kwenye chupa iliyojaa, njano ya ua inamezwa na mafuta, na bluu inaelekea kijani. Sehemu uliyoiacha nyeupe kwenye kompyuta haichapwi chochote, kwa sababu kwa CMYK nyeupe maana yake ni kutoweka wino. Dawa yake ni kuomba wino mweupe utangulie chini ya rangi, na kwenye faili uwekwe kama rangi ya peke yake. Kama mchapaji wako hana wino mweupe, chukua stika nyeupe tu.

Kuna pia rangi maalum kama za Pantone, ambazo wino wake huchanganywa kabla ili njano yako iwe ileile kila awamu. Gharama inapanda, na kwa lebo chache sioni haja.

Kabla ya kulipia zote 1,000, omba sampuli moja iliyochapwa kwenye stika ileile itakayotumika. Usiikague ofisini kwa mchapaji. Ibandike kwenye chupa yenye mafuta, toka nayo nje juani, halafu iangalie tena ndani ya duka lenye mwanga hafifu.