Visahani vya Moto juu ya Katanga: Msemaji Ni Nani?

Wengi wetu tumesikia kwamba CIA ilichunguza visahani vilivyoruka juu ya migodi ya urani ya Kongo. Hati ipo kweli, ya Agosti 1952. Inasimulia visahani viwili vya moto vilivyoonekana katika wilaya ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Kamanda Pierre alivifuata kwa ndege ya kivita, akakikaribia kimoja hadi mita 120 hivi. Baada ya dakika 15 vikatoweka kuelekea Ziwa Tanganyika.

Mimi naisoma kama mwanafunzi wa lugha, na nauliza kwanza: msemaji ni nani? Si rubani, wala si mpelelezi aliyefika Katanga. Ni gazeti la Vienna, Die Presse, la tarehe 29 Machi 1952, lililotafsiriwa kutoka Kijerumani kwenda Kiingereza. CIA ilikusanya habari za magazeti ya kigeni. Kutafsiri si kuthibitisha.

Matini yenyewe inatia shaka. Inaiweka migodi mashariki ya mto Luapula. Ng'ambo hiyo ilikuwa Rhodesia ya Kaskazini, leo Zambia. Shinkolobwe, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, uko upande wa pili kabisa, karibu na Likasi. Mtu wa Elisabethville asingekosea hivyo.

Hata hivyo habari inaendelea kurudiwa kama «ripoti ya CIA», na jina la gazeti limesahaulika. Tunaponukuu hati, tutaje pia lugha iliyozaliwa nayo na mikono iliyopitia.