Denis Pritt ni nani? Wakili wa London mwenye barabara yake Nairobi

Mara ya mwisho nilipoenda Nairobi tulikwama kwenye foleni pale Kilimani. Mjomba alikuwa kwenye usukani, mimi na binamu yangu tumekaa nyuma. Binamu akasoma kibao cha barabara: Denis Pritt Road. Akanigeukia. "Wewe si ndiye wa London? Haya, tuambie, huyu ni nani?"

Sikuwa na jibu. Mjomba akacheka kidogo, akasema, "Huyo ndiye mzungu aliyemtetea Mzee." Foleni ikasonga, na hadithi ikaishia hapo.

Nikarudi nyumbani, nikaanza kusoma. Na niseme ukweli, nilichokuwa natafuta ni shujaa tu. Sisi tuliozaliwa huku tunapenda sana hadithi za Mwingereza aliyesimama upande wetu. Zinatufariji. Lakini Pritt hakubali kuwa hadithi nyepesi.

Denis Nowell Pritt alizaliwa mwaka 1887 Harlesden, kule kaskazini-magharibi mwa London ambako leo ukitembea unasikia lugha za dunia nzima. Alisoma shule ya Winchester, moja ya zile shule za watoto wa wenye nazo. Mwaka 1909 akapata uwakili, na kufikia 1927 alikuwa amepewa cheo cha Wakili wa Mfalme. Angeweza kukaa hapo, ale kesi za matajiri, azeeke kwa raha.

Badala yake akaenda kushoto, tena kushoto kabisa. Mwaka 1932 rufaa ya mtu mmoja wa Vietnam aliyekamatwa Hong Kong ilifika London. Wafaransa walikuwa wanamtaka. Pritt akaichukua kesi, wakili wa upande wa pili akiwa Stafford Cripps, mwanasiasa mwingine wa Labour, na mambo yakaisha kwa makubaliano. Mtu yule akaachiwa. Ndiye tunayemjua kama Ho Chi Minh.

Mwaka 1935 Pritt akaingia bungeni kwa tiketi ya Labour, mbunge wa Hammersmith North. Miaka mitano baadaye chama kikamfukuza, kwa sababu aliitetea Urusi ya Stalin ilipoivamia Finland. Mtu mwingine angekwisha kisiasa. Yeye mwaka 1945 akasimama peke yake, akamshinda mgombea wa Labour. Kiti kikamtoka mwaka 1950.

Kwa hiyo alipofika Kenya mwishoni mwa 1952 hakuwa mbunge tena. Alikuwa na miaka 65, na sifa ya mtu mbishi.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari mwezi wa kumi mwaka ule, na kuwakamata Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Shtaka: kuongoza Mau Mau. Kesi haikufanyika Nairobi. Ilipelekwa Kapenguria, mbali kaskazini-magharibi, kwenye eneo lililofungwa ambalo huwezi kuingia bila kibali. Mahakama ilikuwa darasa la shule. Mawakili walilala Kitale, kama kilomita 40 kutoka hapo, na kila siku ni kwenda na kurudi.

Na hapa mjomba alisahau jambo moja. Pritt hakuwa peke yake. Alikuwa na A. R. Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh, mawakili Wahindi wa Kenya. Alikuwepo Chaman Lall kutoka India, H. O. Davies kutoka Nigeria, na Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya uwakili Tanganyika. Ukiitazama timu ile, ni kama basi la London saa mbili asubuhi.

Pritt alipopeleka simu ya maandishi kwa wabunge Uingereza akilalamika jinsi utetezi unavyokwamishwa, akashtakiwa kwa kudharau mahakama. Akashinda.

Kesi yenyewe hakushinda. Hakimu alikuwa mmoja tu, Ransley Thacker, jaji mstaafu, bila baraza la kumsaidia kuamua. Baadaye ilijulikana kuwa serikali ilimlipa Thacker pauni 20,000. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, alisema alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo. Mwaka 1958 mtu huyo huyo akaapa kwa maandishi kwamba alidanganya, na kwamba aliahidiwa nauli ya ndege na masomo ya chuo kikuu hapa Uingereza. Wakamfunga kwa kiapo hicho cha pili, cha kusema alidanganya!

Hukumu ilitoka Aprili 1953: miaka 7 na kazi ngumu. Oneko alishinda rufaa, lakini wakaendelea kumzuia kizuizini hivyo hivyo.

Sasa, ningependa kuishia hapa. Lakini kuna mwaka 1936.

Mwaka ule Pritt alikwenda Moscow kutazama kesi ya Zinoviev, Kamenev na wenzao, washtakiwa 16. Walikiri kila kitu, na wote wakapigwa risasi. Pritt akarudi London akaandika kwamba kesi ilikuwa ya haki. Hakubadilisha msimamo. Mwaka 1954 Urusi ikampa Tuzo ya Amani ya Stalin. Mwaka 1988, yeye akiwa ameshafariki miaka 16, Mahakama Kuu ya Urusi ya Kisovieti yenyewe ikafuta hukumu zile.

Fikiria hilo. Mtu aliyeingia darasa la Kapenguria akaona mara moja kuwa kesi imepikwa, ndiye aliyekaa kwenye ukumbi wa Moscow akaona haki. Macho ni yale yale. Kilichobadilika ni nani aliyeipika.

Hili ndilo limenikaa kooni. Maana si Pritt peke yake. Nawajua watu hapa London wanaopiga kelele, na wana haki, polisi wa huku wakimnyanyasa kijana mweusi. Waulize kuhusu polisi wa nyumbani, chini ya rais wa kabila lao au chama chao, utasikia, "Ah, mambo ya kule ni magumu, huyaelewi." Mimi mwenyewe nimeshayasema maneno hayo. Zaidi ya mara moja.

Simwondolei Pritt kibao chake. Watu sita walikuwa wanahitaji wakili, yeye akasafiri, akasimama, akashtakiwa kwa ajili yao. Hilo halifutiki. Na wale wa Moscow walihitaji shahidi mmoja mkweli, wakampata yeye. Hilo nalo halifutiki.

Juzi nimemtumia binamu ujumbe wa sauti, dakika sita. Nimemweleza yote, Harlesden mpaka Moscow. Akajibu kwa maneno machache: "Kumbe. Sasa hao Wahindi na yule Mjamaika, barabara zao ziko wapi?"

Tukija tena, mjomba atatuzungusha tuzitafute.