Fedha za umma zilijenga vituo vya haidrojeni California, lakini gesi haikupatikana

Na Mwandishi Wetu

MWEZI Aprili mwaka 2004, Gavana wa California wakati huo, Bw. Arnold Schwarzenegger, alifika katika Chuo Kikuu cha California mjini Davis na kutia saini amri ya kuanzisha kile kilichoitwa barabara kuu ya haidrojeni. Ahadi yake ilikuwa kwamba ifikapo mwaka 2010, dereva wa jimbo hilo angeweza kusafiri katika njia zote kuu kwa gari linalotumia gesi hiyo bila hofu ya kuishiwa.

Baadaye mwaka huo huo alipigwa picha katika uwanja wa ndege wa Los Angeles akijaza haidrojeni kwenye gari kubwa aina ya Hummer. Picha ilipendeza. Mwaka 2010 ukafika na kupita, barabara hiyo ikiwa bado haijaonekana.

Hata leo, miaka zaidi ya 20 tangu amri hiyo, karibu vituo vyote vya umma vya haidrojeni vya Marekani vimo katika jimbo hilo moja, na mwenye gari la aina hiyo hutazama kwanza simu yake kabla ya kuondoka nyumbani ili ajue ni kituo kipi chenye gesi siku hiyo.

Gari la haidrojeni ni gari la umeme, isipokuwa umeme wake hauhifadhiwi kwenye betri kubwa bali huzalishwa safarini. Gesi iliyomo kwenye mitungi hukutana na oksijeni ya hewani ndani ya chombo maalumu, umeme unapatikana, na kinachotoka nyuma ni maji tu. Kujaza mitungi huchukua dakika tano hivi, na Toyota Mirai, lililonunuliwa zaidi kati ya magari hayo jimboni California, limepimwa kwenda zaidi ya kilometa 600 kabla ya kujazwa tena.

Tatizo lilikuwa wapi pa kujaza. Hakuna mfanyabiashara anayejenga kituo pasipo na magari, wala mnunuzi anayenunua gari pasipo na kituo. Hapo ndipo serikali ya jimbo iliposema itatangulia kuingia kwa fedha za umma.

Sheria ya mwaka 2007 iliongeza ada za usajili wa magari na tozo nyingine, na kuipa Tume ya Nishati ya California takriban dola milioni 100 kila mwaka kwa ajili ya mafuta na magari safi. Sheria nyingine ya mwaka 2013 ikaagiza hadi dola milioni 20 za fedha hizo zitengwe kila mwaka kwa vituo vya haidrojeni, mpaka vitakapofika 100 vinavyofanya kazi. Mwaka 2018 Gavana Jerry Brown akapandisha lengo hadi vituo 200 ifikapo mwaka 2025, pamoja na vifaa 250,000 vya kuchajia magari ya umeme.

Vituo 100 havijafikiwa, sembuse 200.

Ikumbukwe kwamba ada ya usajili hailipwi na wenye magari mapya ya kifahari peke yao. Mwenye pikapu kuukuu huko Fresno, ambaye hajawahi kuliona gari la haidrojeni kwa karibu, naye amechangia vituo hivyo.

Kosa halikuwa kukosa fedha za kujenga. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kituo kikishajengwa kitajiendesha. Haidrojeni haifiki kituoni yenyewe kama umeme unavyofika kwa nyaya. Sehemu kubwa huletwa na malori kutoka viwanda vichache, kisha hushindiliwa hadi mgandamizo unaokaribia mara 700 ya ule wa hewa ya kawaida, na hupozwa hadi nyuzi 40 chini ya sifuri kabla ya kuingia kwenye gari.

Wenye bajaji na teksi za gesi asilia jijini Dar es Salaam, wanaozijua vema foleni za vituo vyao, wanatumia gesi iliyoshindiliwa mara 200 hivi tu, na bado mitambo yake haina mchezo. Mtambo wa haidrojeni ukiharibika, kituo kizima husimama. Wakati mwingine bomba la kujazia huganda kwa baridi likashikana na gari, na dereva hana la kufanya ila kusubiri.

Udhaifu huo ulidhihirika Juni 2019, pale mlipuko ulipotokea katika kituo cha kusambazia haidrojeni mjini Santa Clara. Kwa miezi kadhaa vituo vya eneo la San Francisco vilikaa bila gesi au vikapata kidogo. Ruzuku ilikuwa imejenga vituo vingi vinavyotegemea mlango mmoja.

Ikafuata bei. Kilo moja iliyouzwa kati ya dola 13 na 16 miaka michache nyuma ilifikia dola 36 katika vituo vya mwuzaji mkubwa kuliko wote mwaka 2023. Mirai hubeba kilo 5.6 hivi, kwa hiyo kujaza gari moja kukagharimu takriban dola 200. Mojawapo ya sababu ni kuporomoka kwa thamani ya vyeti vya kaboni, ambavyo wauzaji wa nishati safi huwauzia wauzaji wa petroli: kutoka karibu dola 200 kwa tani mwaka 2020 hadi karibu dola 70 miaka mitatu baadaye. Msaada huo ulipopungua, pengo likahamia kwa dereva.

Wanunuzi wengi walikuwa wamepewa na Toyota kadi ya mafuta ya hadi dola 15,000, na kwa bei hiyo ilikwisha mapema mno. Februari 2024 kampuni ya Shell ilitangaza kufunga kabisa vituo vyake vya magari madogo jimboni humo, na mwaka huo huo baadhi ya wamiliki wa Mirai wakaifungulia Toyota kesi wakidai walipotoshwa.

Upande wa magari ya betri mambo yamekwenda vingine. Machi 2025 jimbo lilitangaza kuwa na vifaa vya kuchajia zaidi ya 178,000, idadi inayopita ya mabomba ya petroli. Navyo vilipata ruzuku, lakini nyaya zilikuwa zimeshafika kila mtaa, na dereva mwenye nyumba anaweza kuchaji usiku akiwa amelala.

Hata huko, kujenga hakukutosha. Watafiti waliozungukia vituo vya umma vya kuchaji haraka katika eneo la San Francisco mwaka 2022 walikuta takriban robo ya vifaa 657 havifanyi kazi ipasavyo. Serikali kuu ya Marekani, katika mpango wake wa dola bilioni 5 uliotokana na sheria ya mwaka 2021, ikaweka sharti kwamba kifaa kilichojengwa kwa fedha zake kiwe tayari kwa asilimia 97 ya muda wote. Mpango huo nao ulisimamishwa na utawala wa Rais Donald Trump Februari 2025, majimbo yakaenda mahakamani, na Agosti mwaka huo masharti mapya, mepesi zaidi, yakatolewa.

Kenya ilichukua njia nyingine mwaka 2023, pale ilipoweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, bei inayoshuka zaidi katika saa zisizo na matumizi makubwa. Unafuu huo unapatikana pale tu umeme unapouzwa, ilhali ruzuku ya ujenzi hulipwa hata kama bomba litakaa kavu.

California haijaachana na haidrojeni. Sheria ya mwaka 2023 inaagiza kwamba hadi katikati ya mwaka 2030, angalau asilimia 15 ya fedha za mpango ule wa mwaka 2007 ziende huko, na macho sasa yanaelekezwa zaidi kwa malori makubwa. Wenye magari madogo, ambayo jimbo liliwahimiza kuyanunua, wanaendelea kutazama simu zao kila asubuhi. Wanaotaka kuyauza wanapata sehemu ndogo tu ya walicholipa, kwa kuwa mnunuzi naye anauliza kwanza kituo kiko wapi.