Mzigo, Mkoba na Ghala: Istilahi za Ukomo wa Kubeba katika Michezo ya Kompyuta

1. Utangulizi

Katika mtaa wa Mbugangari mjini Gisenyi, karibu na mpaka wa Petite Barrière unaoelekea Goma, kubeba ni kazi na pia ni hesabu. Mfanyabiashara mdogo anayevuka kwa miguu hukadiria kwanza kile ambacho kichwa au mgongo utastahimili. Kinachozidi humpa mwenzake au hukirudia kwa safari ya pili. Hesabu hiyohiyo imo katika michezo ya kompyuta ambamo mchezaji huchukua nafasi ya mhusika anayesafiri na kukusanya vitu. Makala haya yanaeleza aina tatu za ukomo huo na kupendekeza istilahi zake.

2. Aina za ukomo

Aina ya kwanza ni ukomo wa uzito. Tayari mwaka 1974 mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons ulipima mizigo kwa uzito wa sarafu za dhahabu. Katika Skyrim (2011), mhusika huanza na uwezo wa kubeba vizio 300. Akizidisha, hutembea tu, hawezi kukimbia. Aina ya pili ni ukomo wa idadi. Katika Minecraft mchezaji ana nafasi 36, na mawe 64 yaliyorundikwa pamoja huchukua nafasi sawa na upanga mmoja. Aina ya tatu ni ukomo wa umbo. Katika Diablo (1996), vitu hupangwa katika miraba 40. Deraya hukalia miraba sita, chupa ya dawa mmoja.

3. Uteuzi wa istilahi

Mfasiri anayefuata msamiati wa uhasibu ataviita vitu hivyo vyote "orodha". Hata hivyo, orodha haimlemei mtu. Neno hilo linaficha kiini cha mchezo, yaani kwamba kuchukua kipya mara nyingi ni kuacha cha zamani.

Kiswahili hakikosi maneno. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, kati ya pwani na Maziwa Makuu, walibeba takribani frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Neno "mtumba", ambalo leo hutukumbusha nguo kuukuu, lilitaja mzigo uliofungwa.

Hivyo basi, tunapendekeza "mzigo" pale panapohesabiwa uzito, "mkoba" pale panapohesabiwa nafasi au umbo, na "ghala" kwa vitu vilivyoachwa mahali pamoja. Kwa vitenzi, "kujitwika" ni kuchukua, "kutua" ni kuweka chini, na "kuelemewa" ni kuvuka kikomo. Onyo la "Umeelemewa" hueleweka upesi kuliko "Orodha imezidi ukomo", kwa kuwa linamtaja mtu na hali yake.

4. Hitimisho

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda, na juhudi nyingi za istilahi huelekezwa kwenye nyaraka za ofisi. Kijana wa Mbugangari, hata hivyo, husikia lugha ya mizigo sokoni kabla hajaisoma popote. Akikuta kwenye skrini maneno ya mhasibu badala ya maneno ya mpagazi, atadhani kwamba Kiswahili anachokisikia mtaani hakifai kwa teknolojia. Kazi ya mwanaistilahi, kwa hiyo, ianzie kwa wabebaji wenyewe, ndipo ifuate kamusi.